Miaka elfu sita na nuru ya nyota

Ujumbe ule ulinifikia tena wiki iliyopita, mara ya nne au ya tano sasa. Safari hii aliyeutuma ni mama ninayemheshimu, mwimbaji wa kwaya yetu, katika kundi la WhatsApp la wazazi wa vijana kanisani. Unasema wanasayansi wa NASA walikuwa wakipiga hesabu za mahali jua na sayari zilipokuwa karne zilizopita, ghafla kompyuta ikasimama na kuonyesha kwamba kuna siku nzima haipo. Wakahangaika, mpaka mmoja wao akakumbuka somo la utotoni: Yoshua aliliamuru jua lisimame juu ya Gibeoni. Siku ikapatikana. Chini yake watu walikuwa wamejaza "Amina" na mikono ya maombi.

Kisa hicho hakikutokea. Kilienea Marekani karibu mwaka 1970 kupitia mzungumzaji mmoja aliyeitwa Harold Hill, na NASA wenyewe wamekikana. Hata wasingekikana, hesabu yenyewe haiwezekani. Kompyuta inaweza kurudi nyuma na kusema jua lilipaswa kuwa wapi zamani za Yoshua. Lakini ili ijue kuna siku imepotea, lazima mtu aliyeishi kabla ya Yoshua awe ameandika tukio la angani, tuseme kupatwa kwa jua, kwa tarehe isiyo na shaka, kisha tarehe hiyo ikatae kuoana na hesabu. Kumbukumbu kama hiyo haimo katika kisa chote. Mashirika makubwa ya Wakristo wanaoshikilia uumbaji wa siku sita za saa ishirini na nne, watu ambao wangefurahi kuliko wote kama kingekuwa kweli, yamewaonya wafuasi wao wasikitumie.

Singeandika makala nzima kwa ajili ya ujumbe wa simu. Naandika kwa sababu ya kijana mmoja niliyemfundisha shule ya Jumapili tangu akiwa na miaka tisa. Alikuwa akikariri Zaburi kuliko wote. Alienda chuo kikuu, akasomea fizikia, na kufikia mwaka wa pili akaacha kuja kanisani. Nilipomtafuta tukakaa kwenye kibanda cha chai karibu na steji ya matatu, akanijibu kwa adabu, bila hasira: "Mwalimu, kama mlikosea hivyo kuhusu nyota, nitawaaminije kuhusu kaburi tupu?" Sikuwa na jibu. Chai ikapoa.

Ni mimi niliyemfundisha kwamba mbingu zina miaka elfu sita. Nilifundishwa hivyo nami nikapitisha, kwa moyo safi, kama mtu anavyopitisha kikombe. Kwa hiyo ninayoyasema hapa siyasemi kutoka nje. Naamini mstari wa kwanza wa Biblia, "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi," kwa akili yangu yote. Ninachokataa ni namba tuliyoubandika mstari huo, na hasa yale tunayolazimika kusema juu ya Mungu ili namba hiyo isimame.

Namba yenyewe haimo katika Mwanzo. James Ussher, askofu mkuu wa Armagh huko Ireland, alijumlisha vizazi na miaka ya wafalme, na mwaka 1650 akachapisha jibu lake: uumbaji ulikuwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Alikuwa msomi wa kweli, si mtu wa kubezwa. Ila Wakristo wa Byzantium, dola ya Kirumi ya mashariki, wakihesabu kwa Biblia ya Kigiriki ambayo vizazi vyake vina miaka mingi zaidi, walikuwa na mwaka 5509, na kalenda ya Kiyahudi inaanzia 3761. Watu watatu wacha Mungu, kitabu kilekile, na tofauti ya zaidi ya miaka 1,700. Miaka elfu sita ikawa itikadi ya wengi baada ya mwaka 1961, John Whitcomb na Henry Morris walipochapisha kitabu chao kuhusu gharika huko Marekani, na kwa redio, kanda na mahubiri, ikatufikia Nairobi ikiwa imevaa vazi la imani ya mababu.

Sasa twende darini.

Ghorofa ninayoishi huku Eastlands ina orofa tano, na juu kuna kamba za kuanika nguo na tenki nyeusi za maji. Mwaka jana niliwapandisha vijana kumi na wawili pale jioni moja, kabla jua halijatua, vilima vya Ngong vikionekana vizuri upande wa magharibi. Nikawaambia watembee kutoka ukuta wa kaskazini hadi wa kusini huku wakitazama tenki la nyumba ya jirani. Tenki likahama: mwanzo lilikuwa mbele ya kilele kimoja cha Ngong, mwisho likawa mbele ya kingine. Jengo la KICC, mbali kule katikati ya mji, likasogea kidogo tu. Vilima havikusogea hata kidogo. Kilicho karibu huhama sana ukitembea, kilicho mbali huhama kidogo, na ukipima pembe ya kuhama pamoja na urefu wa hatua zako, unaupata umbali bila kukanyaga huko.

Wanasayansi wa nyota hufanya hivyo hivyo, ila dari lao ni mzunguko wa dunia. Kati ya Januari na Julai tunakuwa tumehama takriban kilomita milioni 300 kwenda upande wa pili wa jua. Mwaka 1838 Friedrich Bessel aliipima hivyo nyota moja ndogo katika kundinyota la Cygnus, akapata umbali wa miaka ya nuru kama kumi. Mwaka wa nuru ni umbali, si muda: ni njia ambayo nuru huipita kwa mwaka mmoja, karibu kilomita trilioni 9.5. Chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa mwaka 2013 na kuzimwa mwaka 2025, kilipima nyota zaidi ya bilioni moja kwa njia ileile ya tenki na Ngong. Hakuna nadharia ya asili ya ulimwengu humo. Ni pembetatu, ile wanayofundishwa watoto wa sekondari.

Na Kenya imo katika simulizi hii kuliko tunavyojua. Tarehe 12 Desemba 1970, siku taifa letu lilipokuwa likitimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, likiendeshwa na Waitaliano. Ilibeba setilaiti ya NASA, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kutazama mbingu kwa miale ya eksirei. Kwa heshima ya siku ile, wakaiita Uhuru. Neno letu, lilelile tuliloliimba mwaka 1963, likaenda kuzunguka dunia likisoma nyota. Nashangaa kwamba watoto wetu wengi wanamaliza shule bila kusikia habari hiyo.

Kati ya vitu ambavyo Uhuru ilivitazama kilikuwapo Cygnus X-1. Miale yake ilikuwa ikibadilika kwa kasi, mara kali mara hafifu, ndani ya sehemu ya sekunde. Uchunguzi huo ulisaidia kukifanya kitu cha kwanza ambacho wanasayansi walikubali kwa upana kuwa ni shimo jeusi, yaani masalia ya nyota yenye mvutano mkali mno. Mwaka 2021 umbali wake ulipimwa upya kwa darubini za redio, tena kwa kuhama kwa pembe: takriban miaka ya nuru 7,200. Weka namba hiyo kando ya namba ya Ussher. Miale iliyopokelewa mwaka 1970 na setilaiti iliyorushwa kutoka pwani yetu ilikuwa imeanza safari kama miaka 1,200 kabla ya siku anayoitaja kuwa ya uumbaji. Na Cygnus X-1 ni jirani. Wingu dogo la Andromeda, ambalo mtu aliyeko Magadi usiku usio na mwezi wa Novemba hulipata kwa macho matupu upande wa kaskazini, liko miaka ya nuru milioni 2.5 kutoka hapa.

Nuru ya mbali hivyo ilitufikiaje ndani ya miaka elfu sita? Hili ndilo swali ambalo watetezi wa dunia changa, yaani ya miaka elfu sita, wenyewe wanakiri ni zito kuliko yote upande wa anga. Wamelijibu kwa njia nyingi, nami nimezifuata moja moja, kwa muda mrefu nikitumaini mojawapo itasimama.

Jibu la kale ni kwamba Mungu aliumba nuru ikiwa tayari njiani. Nyota na mstari wote wa mwanga hadi jicho la Adamu viliumbwa pamoja, kama vile Adamu alivyoumbwa mtu mzima, na kama divai ya Kana ilivyokuwa nzuri bila kupitia shamba la mizabibu. Philip Henry Gosse, mwanaviumbe Mwingereza, alilijenga wazo la aina hii mwaka 1857. Nililishika wazo hili kwa miaka mingi kwa sababu linampa Mungu uweza wake, na uweza huo siutilii shaka.

Lililonivunja ni nyota moja.

Jumatatu tarehe 23 Februari 1987, saa nne na dakika thelathini na tano asubuhi kwa saa za Nairobi, mitambo iliyofukiwa ardhini Japani, Marekani na Muungano wa Kisovieti ilinasa chembe ndogo ziitwazo nyutrino, zaidi ya ishirini kwa jumla, ndani ya sekunde chache. Matrilioni ya nyingine zilipita katika mwili wa kila mtu aliyekuwa hai, za kwangu nikiwa darasa la nne, huenda nikiandika imla. Saa chache baadaye nuru ikafuata. Tarehe 24 Ian Shelton aliiona kutoka mlima wa Chile: katika galaksi ndogo jirani, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota, iitwayo Wingu Kubwa la Magellan, nyota iliyokuwa imeorodheshwa tangu zamani ilikuwa imelipuka. Ikang'aa kwa miezi, ikionekana bila darubini. Hapa Nairobi ilikuwa upande wa kusini, nyuzi kama ishirini na mbili juu ya upeo ilipofika juu kabisa, na hakuna aliyetuambia tutazame.

Umbali wake ni takriban miaka ya nuru 168,000, na namna ulivyothibitishwa ni nzuri mno kuiruka. Nyota ile ilikuwa imezungukwa na pete ya gesi. Mwako wa mlipuko ulisafiri kutoka katikati na kuigusa pete baada ya miezi minane hivi, pete ikawaka. Muda huo unatuambia upana halisi wa pete. Darubini ya Hubble ikapima upana wake unaoonekana. Ukiwa na upana halisi na upana unaoonekana, umbali unatoka wenyewe. Tenki na Ngong, tena.

Sasa, kama nuru iliumbwa njiani miaka elfu sita iliyopita, basi nuru tuliyoiona mwaka 1987 haikuwahi kutoka kwenye nyota ile. Iliumbwa ikiwa imebeba picha ya mlipuko. Na si picha tu: nyutrino ziliumbwa njiani zikitangulia nuru kwa saa zinazostahili, mwangwi wa pete ukapangwa ufike miezi minane baadaye, na juu ya nuru hiyo zikachorwa alama za mawingu ya gesi ambayo haikuwahi kuyapita yote. Nyota iliyoonekana kufa haikufa. Ni filamu ya tukio ambalo halikutokea.

Adamu kuumbwa mtu mzima nalielewa. Mtoto mchanga asingeweza kulima bustani. Lakini je, Adamu aliumbwa na kovu gotini, la kuanguka alikoanguka akiwa na miaka saba ambayo hakuiishi? Hilo lingekuwa ushahidi wa uongo ulioandikwa mwilini mwake na mkono wa Muumba. Mlipuko wa 1987 ni kovu la namna hiyo, na mbingu zimejaa makovu. "Mungu si mtu, aseme uongo," inasema Hesabu 23:19. Siwezi kuulinda mwaka wa Ussher kwa kumfanya Mungu aseme kwa nyota asichokitenda.

Wasomi wa upande huo wameiona hatari hii, na wengi wameliacha jibu hilo. Nawapa heshima yao kwa hilo. Barry Setterfield wa Australia alipendekeza, miaka ya 1980, kwamba nuru ilikuwa na kasi kubwa mno zamani ikapungua. Fikiria malori yanayotoka Mombasa kila dakika tano yakienda mbio, halafu yote, popote yalipo barabarani, yapunguze mwendo kwa wakati mmoja: yataingia Nairobi yakiwa yameachana kwa zaidi ya dakika tano. Vivyo hivyo, mambo yaliyotokea kule kwa kasi ya kawaida yangetufikia yamevutwa, ya polepole. Nuru ya mlipuko wa 1987 ilififia kwa kufuata kobalti-56, madini ambayo nusu yake huisha kila siku 77. Siku 77 zilezile tunazopima maabara hapa duniani. Malori yalifika yakiwa yameachana sawasawa na yalivyoondoka.

Russell Humphreys alikuja mwaka 1994 na hesabu za mvutano, kwamba dunia ilikuwa katikati ya ulimwengu ambako wakati ulienda polepole huku mbali ukikimbia. Wanafizikia, wakiwemo Wakristo, walizipitia na kuonyesha hazitoi alichotaka. Nisikae sana hapo. Jibu lenye werevu zaidi ni la Jason Lisle la mwaka 2010, na nadhani msomaji wa Kiswahili analielewa kuliko mtu yeyote.

Sisi tumezoea saa mbili. Basi linaloondoka Mombasa saa tatu usiku, tiketi yake imeandikwa 21:00, na hakuna anayechanganyikiwa, kwa maana tunajua jina la saa ni mapatano ya watu. Lisle anasema kweli kwamba hakuna jinsi ya kupima kasi ya nuru ya kwenda tu, bila kurudi, pasipo kwanza kukubaliana namna ya kulinganisha saa mbili zilizo mbali. Basi, asema, tukubaliane kwamba nuru inayokuja kwetu haichukui muda wowote. Ni sawa na kuamua kwamba kila mji uweke saa yake kulingana na wakati basi lake linapoingia Nairobi. Hapo basi la Mombasa litakuwa limefika papo hapo lilipoondoka, na kwenye karatasi hakuna kosa. Lakini mafuta yamekwisha kwenye tangi. Magurudumu yana matope ya njiani. Dereva ana macho mekundu. Nuru nayo hubeba matope yake: ile ya 1987 ilifika na alama za mawingu mengi ya gesi, kila moja na mwendo wake, iliyoyapita kati ya galaksi ile na yetu. Na tukiziita saa vyovyote tupendavyo, kuna galaksi zilizogongana na kuacha mikia ya nyota yenye urefu wa malaki ya miaka ya nuru. Mikia hiyo ilihitaji muda wa kuvutwa, ama sivyo iliumbwa ikiwa imevutwa, na hapo tumerudi kwenye kovu la goti.

Kuna hoja nyingine ambazo vijana huletewa, nami huzipitia upesi. Vumbi la mwezi, kwamba lingekuwa la kina kikubwa kama mwezi ni wa kale: watetezi wa dunia changa wenyewe waliiweka kando mwaka 1993 baada ya kuhakiki vipimo. Mwezi kujitenga nasi, kwamba kama ni wa kale ungekuwa mbali zaidi sasa: ni kweli unajitenga, sentimita 3.8 kwa mwaka, na tunajua kwa sababu ya vioo walivyoacha wanaanga tangu 1969. Lakini zidisha kwa miaka elfu sita, unapata mita 228. Mwezi uko kilomita 384,400. Hoja hiyo, hata ukiipa nguvu zake zote, inazungumza kwa lugha ya mabilioni ya miaka. Hoja moja ina uzito: wanasema nadharia ya Mlipuko Mkuu, kwamba ulimwengu ulianza ukiwa mdogo mno kisha ukatanuka, nayo ina shida yake ya nuru, kwa maana pande mbili za mbingu zina joto karibu sawa ingawa zisingekuwa na muda wa kubadilishana joto. Ni kweli, na jibu ambalo wengi wanalikubali bado linajadiliwa. Kijana akiniuliza, humwambia hivyo. Shida ya jirani haifuti deni langu.

Na wale wanaosema Mlipuko Mkuu ulibuniwa na wasioamini ili kumwondoa Mungu, naomba wasome habari za Georges Lemaître. Alikuwa padri wa Ubelgiji. Mwaka 1927 alionyesha kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kuwa ulianza kutoka chembe moja ya asili. Jina la Mlipuko Mkuu lilitolewa redioni mwaka 1949 na Fred Hoyle, mpinzani wake, ambaye hakutaka ulimwengu wenye mwanzo. Papa Pius XII alipoichukua nadharia hiyo mwaka 1951 kama uthibitisho wa Mwanzo, Lemaître hakupendezwa. Hakutaka imani itundikwe kwenye hesabu ambazo kesho zinaweza kurekebishwa. Nadhani alituona tukija.

Tunafanyaje basi na Mwanzo 1? Kanisa langu lina mapokeo ya Calvin, mwanamatengenezo wa kanisa huko Ulaya, kwa hiyo humwachia Calvin aseme. Katika ufafanuzi wake wa Mwanzo, karne ya kumi na sita, alifika kwenye "mianga miwili mikubwa" akakumbana na ugumu: wataalamu wa nyota wa siku zake walikuwa wameonyesha kwamba sayari ya Zohali, inayoonekana kadogo, ni kubwa kuliko mwezi. Hakuwaita waongo. Alisema Musa aliandika kwa namna ambayo mtu yeyote mwenye macho angeelewa, na anayetaka kujifunza elimu ya nyota na aende kwingine. Aliyeandika hivyo alikuwa mshika Maandiko kuliko yeyote kati yetu.

Tunalo hata katika Kiswahili chetu. Ayubu 38 inauliza, "Je! Waweza kuufunga mnyororo wa Kilimia?" Watafsiri hawakuazima jina la Kigiriki, walichukua jina ambalo mkulima wa pwani alikuwa nalo tayari, la kile kikundi cha nyota kilichomwambia lini alime. Wazee walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwanzo 1:14 inasema mianga iwe dalili na majira na siku na miaka. Ndivyo mkulima alivyoitumia. Hakuna aliyehitaji kujua kwamba nuru ya Kilimia ina zaidi ya miaka mia nne njiani ili apande mtama wake, na Maandiko yalisema naye pale alipokuwa amesimama na jembe.

Jambo aliloniambia yule kijana kwenye kibanda cha chai, Mwafrika mwenzetu alilisema kabla yake kwa miaka 1,600. Augustino wa Hippo, mji uliokuwa katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliwaonya Wakristo wanaosema mambo ya kipuuzi kuhusu mbingu na mienendo ya nyota wakidai ni Maandiko. Asiyeamini, alisema, anayajua mambo hayo kwa hesabu na kwa macho yake. Akimsikia Mkristo akikosea pale anapopajua, atamwaminije kuhusu ufufuo wa wafu? Nilipoyasoma maneno hayo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya, maana niliona uso wa mtu ninayemfahamu.

Nimemtumia kijana huyo ujumbe. Amejibu kwamba tutaonana akifunga chuo.

Turudi darini, jioni ile. Giza lilikuwa limeingia na stima ikapotea mtaa mzima, kama inavyopotea, na kwa dakika arobaini hivi Nairobi ikawa na nyota. Niliwaonyesha upande wa kusini lilipo Wingu Kubwa la Magellan, ingawa ukungu wa mji haukuturuhusu kuliona. Nikawasimulia mlipuko wa 1987 kama nilivyousimulia hapa. Binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye kwa kawaida hasemi, akauliza swali ambalo nilijua lingekuja siku moja.

"Mwalimu, kama hiyo nyota ilikufa kabla ya Adamu, si kifo kilikuwepo kabla ya dhambi?"

Hilo ndilo linalowashikilia watu wengi kwenye miaka elfu sita, na si ujinga. Nilimfungulia Warumi 5:12 kwa mwanga wa simu, tukasoma pamoja: mauti "ikawafikia watu wote". Watu. Paulo anazungumza juu yetu. Kuhusu wanyama wa kale nilimwambia ni swali gumu ambalo waamini wenye akili wanalijibu tofauti, na sitamfunga upande mmoja. Lakini kuhusu nyota nilikuwa na jambo la kumwambia. Ile kobalti iliyokuwa ikififia kila siku 77 haikupotea. Ilikuwa ikigeuka kuwa chuma. Mlipuko ule mmoja ulitoa chuma chenye uzito wa dunia zaidi ya elfu ishirini, na nuru tuliyoiona kwa miezi ile ilikuwa nuru ya chuma kikitengenezwa. Nyota za kabla yake zilifanya vivyo hivyo, na chuma chao ndicho kilicho katika udongo mwekundu wa Kenya. Mungu alipomfanya mtu kwa mavumbi ya ardhi, mavumbi yalikuwa na chuma ndani yake, na bila chuma hicho damu haibebi pumzi.

Alinyamaza kwa muda, akitazama kusini pasipoonekana kitu.

"Dada yangu ana mimba ya miezi sita," akasema. "Kliniki wamempa vidonge vya kuongeza damu. Vile vyekundu."

"Ni chuma," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Nitamwambia kilikotoka."